Ifuateni Namba Hadi Ilikotoka: Hotuba kuhusu Tathmini ya Maabara za Upimaji

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa maabara, mameneja ubora, na ninyi wenzangu mnaoshinda mmeshika pipeti: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, na waliobaki habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze jinsi maabara ya upimaji inavyotathminiwa mpaka ikapewa ithibati, yaani utambuzi rasmi kwamba ina umahiri wa kufanya vipimo fulani. Meza hiyo nimeikalia pande zote mbili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mchambuzi wa maji. Watathmini walikuja, nikapima mbele yao huku glavu zimelowa jasho kwa ndani. Baadaye nikafunzwa, nikawa mtathmini wa kitaalamu, na siku hizi mimi ndiye ninayewatoa wenzangu jasho. Nisameheni basi nikizungumza kama mtu mwenye madeni pande zote.

Mnajua hekaheka za wiki mbili kabla ya tathmini. Printa hailali. Majalada yanapewa lebo mpya, taratibu za kazi zinasainiwa kwa mkupuo, na meneja ubora analala ofisini. Nikifika napelekwa moja kwa moja kwenye kabati ambamo majalada yamesimama kama askari wa gwaride. Nayasifia, maana kweli yanapendeza. Kisha naomba kitu kimoja tu: orodha ya ripoti zote mlizowapa wateja miezi mitatu iliyopita. Nachagua moja mwenyewe, wala si ile mnayonisukumia. Kuanzia hapo kazi yangu kubwa ni kuichukua namba iliyoandikwa kwenye ripoti hiyo na kuifuata, hatua kwa hatua, hadi ilikotoka.

Leo tuifuate pamoja. Nitawapeleka kwenye maabara moja ambayo siitaji, na nimebadilisha mambo kidogo ili hata wenyewe wakiwa humu ukumbini wasijitambue haraka.

Ripoti niliyochagua ilikuwa ya sampuli ya maji ya kisima. Mstari wa nitrati ulisomeka 48 mg/L. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 50 mg/L, na chini ya ripoti paliandikwa kwamba maji yanakidhi. Yote shwari, ungesema.

Nikauliza: 48 ya nini? Watu wakatazamana. Nitrati huweza kuripotiwa kama nitrati yenyewe, au kama nitrojeni iliyomo ndani yake, na tofauti ya njia hizo mbili ni zaidi ya mara nne. Ile 50 ya mwongozo ni ya nitrati yenyewe. Ukihesabu nitrojeni peke yake, kikomo ni kama 11. Kwa hiyo 48 ya nitrati iko ndani ya kikomo, ilhali 48 ya nitrojeni ni maji ya kumwepusha nayo mtoto mchanga. Ripoti haikusema ni ipi. Mchambuzi aliijua, ila mteja hakai kichwani mwa mchambuzi.

Swali la pili lilikuwa la shaka. Hakuna kipimo kisicho na shaka, na kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ISO/IEC 17025, ambacho ndicho msahafu wetu katika kazi hii, kinaitaka maabara ikadirie shaka ya vipimo vyake kwa hesabu. Hawa walikuwa wameikadiria vizuri: kuongeza au kupunguza 4, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Nikawaambia basi tuisome namba yenu upya. Maji yale yana nitrati kati ya 44 na 52. Mmeandikaje kwamba yanakidhi? Hapo ndipo inapokuja kanuni ya uamuzi. Unaweza kukubaliana na mteja kwamba namba itachukuliwa ilivyo, na hatari ya kukosea igawanywe. Unaweza pia kuacha ukanda wa tahadhari, kwamba chochote kilicho juu ya 46 hakitaitwa salama. Mimi sikuchagulii. Ninachotaka ni kwamba uliamua, ulimweleza mteja kabla ya kupima, na umeandika. Nilichokikuta ni kwamba kila mchambuzi alikuwa na kanuni yake moyoni.

Lakini hayo ni maji ya kifundoni. Kina kilikuwa mbele.

Tukaingia kwenye daftari la kazi. Walitumia spektrofotometa, kifaa kinachopima kiasi cha dutu kwa mwanga, na grafu yao ya ugezi, au kalibresheni kama wengi wetu tunavyosema, iliishia 10 mg/L. Sampuli ya 48 haiwezi kusomwa kwenye grafu ya 10. Lazima ilizimuliwa kwanza, yaani iliongezewa maji safi ili ipungue makali. Nikaomba rekodi ya kuzimua. Haikuwepo. Binti mmoja mchambuzi, mtulivu, nadhani hakuwa na miaka miwili kazini, akanijibu bila kubabaika, “Huwa tunazimua mara kumi, mzee.”

Neno hilo “huwa” nimelisikia katika maabara nyingi kuliko jina la kemikali yoyote. Huwa tunaangalia. Huwa tunasafisha. Huwa anasaini Ijumaa. Nawaombeni mlitoe kwenye msamiati wenu siku ya tathmini, na mkishindwa kulitoa basi ni dalili kwamba rekodi haipo.

Tukafungua faili la Excel. Ndani ya fomula, mahali ambapo hakuna anayepaona mpaka ubofye seli, palikuwa na “mara 10”. Kila usomaji ulioingizwa ulizidishwa kwa kumi, uwe umezimuliwa au haukuzimuliwa. Nikamwuliza yule binti, na hata leo naikumbuka sura yake: sampuli hii ilizimuliwa? Akaangalia daftari, akaangalia skrini, akarudi kwenye daftari. Kifaa kilisoma 4.8. Kama sampuli ilizimuliwa, maji yana 48. Kama haikuzimuliwa, maji yana 4.8 na ile kumi ni ya kompyuta. Chupa ilishamwagwa. Katika chumba kile hapakuwa na binadamu wala karatasi ya kuamua.

Meneja ubora alikaa chini. Na mimi, wenzangu, sikufurahi. Wapo wanaodhani mtathmini hufurahia kunasa watu. Nilikuwa nawaza visima vingine. Maji yenye 9 yakiripotiwa 90, kisima kinafungwa na watu wanatafuta maji kwingine, labda mabaya zaidi, kwa sababu ya herufi tatu ndani ya fomula. Kiwango kinaagiza kwamba programu na fomula zinazokokotoa majibu zithibitishwe kabla ya kutumika, pamoja na zile ulizoziandika mwenyewe kwenye Excel. Watu wengi hukisoma kipengele hicho wakidhani kinazihusu mashine kubwa za bei mbaya. Mnyama wenyewe anaishi kwenye faili lililoandikwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyeondoka miaka minne iliyopita.

Baada ya hapo nikaendelea kurudi nyuma. Myeyusho sanifu, ule wenye kiasi kinachojulikana, uliotengeneza grafu ulitoka wapi? Una cheti cha mzalishaji wa dutu rejea, yaani dutu za kulinganishia, aliye na ithibati yake? Muda wake haujapita? Ulipimwa kwa mizani ipi? Hapa napenda kusema kwamba kila mizani ina ukoo. Mizani yako lazima iweze kumtaja baba yake, ambaye ni mawe yaliyoigezi, na babu yake, ambaye ni maabara iliyoyagezi mawe hayo, na kuendelea hivyo hadi kwenye taasisi ya taifa ya vipimo na mfumo wa kimataifa wa vizio. Zamani babu mkuu wa ukoo wa uzito alikuwa kipande cha metali kilichofungiwa karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inaelezwa kwa thamani isiyobadilika ya Planck, namba ya msingi ya fizikia, ila ukoo haujavunjika, na kila kizazi kinaongeza shaka yake kidogo. Mizani isiyojua babu yake haiwezi kutoa ushahidi.

Wengi hapa wana vyeti vya ugezi. Tatizo ni kwamba havisomwi. Kinakuja, kinatobolewa, kinaingizwa kwenye jalada, stika inabandikwa. Mimi huuliza: cheti kinasema kipimajoto chenu kinasoma nusu nyuzi juu ya ukweli, je, inkubeta yenu mnaisoma vipi? Kama jibu ni kimya, mmelipia karatasi.

Sasa kushuhudia. Siku ya pili au ya kwanza mchana, mchambuzi hupima mbele ya mtathmini. Hapa ndipo wengi hupata homa, na mara nyingi wakuu huwa wamempanga yule bora kuliko wote. Mimi huomba orodha ya walioidhinishwa kufanya kipimo hicho, halafu namwomba aliyeidhinishwa karibuni. Shahada yake sina haja nayo sana. Nataka kuona alifunzwa na nani, alipimwaje umahiri wake, nani alimwidhinisha na tarehe gani, kwa kipimo kipi hasa. Kisha nakaa kimya. Naangalia kama karatasi ya utaratibu iliyo mezani ni toleo linalotumika. Naangalia anaandika usomaji wakati anausoma, au anaukariri na kuuandika baadaye kwenye kiganja cha glavu. Akikosea namba, anaikata kwa mstari mmoja ili ile ya awali ibaki ikisomeka, anaweka saini na tarehe? Au anaipaka rangi nyeupe? Mkono ukitetemeka sihesabu. Wangu nao ulitetemeka.

Nikiwa nimekaa hivyo, macho hutembea. Siku moja, ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi, macho yalitua kwenye fomu ya joto la friji ya sampuli. Ilikuwa imejazwa hadi Ijumaa jioni. Nyuzi 4, nyuzi 4, nyuzi 4, saini safi kabisa. Aliyeijaza alitaka kuokoa muda wakati wageni wapo. Kutojaza kabisa kungekuwa kasoro ndogo ya kurekebishika. Kujaza kesho kulinifanya nitilie shaka kila fomu nyingine iliyokuwa mle ndani, na tathmini ikabadilika sura.

Kuna pia vipimo linganishi, ambapo mratibu hupeleka sampuli ileile kwa maabara nyingi na kulinganisha majibu. Hesabu yake ni ya alama z, inayoonyesha jibu lako limeachana kiasi gani na thamani iliyokubaliwa: ukiwa ndani ya 2, juu au chini, umeridhisha, kati ya 2 na 3 ni onyo, ukifika 3 umeangukia nje na lazima uchunguze. Mtathmini huangalia matokeo ya miaka kadhaa, na hasa mlifanya nini mlipoanguka. Zipo maabara zinazopima sampuli hiyo mara tano kwa mikono ya mkuu wa idara, na zipo zinazopigiana simu kabla ya kutuma majibu. Wanaofanya hivyo wanajijua. Alama wanayopata haiwaambii chochote kuhusu maabara yao ya siku za kawaida.

Nirudi nyuma kidogo kwa vijana waliouliza jana ni nani aliyetupa mamlaka ya kusumbua watu namna hii. Chombo cha kwanza cha ithibati ya maabara, NATA, kilianzishwa Australia mwaka 1947. Mwaka 1977 nchi zilikutana Copenhagen kwa sababu kila moja ilikuwa ikirudia vipimo vya mwenzake bandarini, na mkutano huo ndio uliokuja kuwa ILAC, ushirikiano wa kimataifa wa vyombo vya ithibati ya maabara. Tarehe 2 Novemba 2000, vyombo 36 vya ithibati kutoka nchi na maeneo ya kiuchumi 28 vilisaini Washington makubaliano ya kutambuana, ili bidhaa iliyopimwa mahali pamoja isipimwe tena kwingine. Kiwango chenyewe, ISO/IEC 17025, kilitoka mwaka 1999, kikaboreshwa 2005 na tena 2017. Na sisi tunaotathmini tunatathminiwa pia: vyombo vya ithibati hufuata ISO/IEC 17011 na hukaguliwa na vyombo vingine. Wachunguzi wao huja wakakaa nyuma yangu wakati mimi nimekaa nyuma yako. Niaminini, naelewa mnavyojisikia.

Jambo jingine linalochanganywa ni cheti cha ISO 9001. Hicho kinahusu mfumo wenu wa uendeshaji. Ithibati inaenda mbali zaidi na kusema kwamba mnaweza kufanya kipimo hiki, kwa njia hii, kwenye sampuli za aina hii, na mkatoa jibu sahihi. Ndiyo maana ithibati ina wigo ulioorodheshwa mstari kwa mstari. Huwezi kuwa “maabara yenye ithibati” kwa jumla. Una ithibati ya nitrati kwenye maji kwa njia fulani. Ukipima nitrati kwenye mboga, hiyo ni habari nyingine.

Mwenendo wenyewe sitaupitia wote, mmeshapewa vijitabu. Mnaomba, mnaeleza wigo, nyaraka zinapitiwa, timu inateuliwa ikiwa na kiongozi na wataalamu wa fani, na mna haki ya kumkataa mtathmini mwenye mgongano wa maslahi. Kinafunguliwa kikao, kazi inafanyika, kikao kinafungwa na hoja, yaani kasoro tulizozikuta, zinasomwa. Hoja ikitolewa mnaweza kuipinga, na naomba mpinge pale mnapoona sijaelewa. Nimewahi kufuta hoja yangu mbele ya watu na sikupungukiwa kitu. Msitegemee nikuambieni mrekebishe vipi. Nikikupa suluhisho leo, kesho nitakuja kulikagua suluhisho langu mwenyewe. Na uamuzi wa kutoa ithibati si wangu. Unafanywa na watu ambao hawakuwa kwenye timu, wanaosoma nilichoandika na mlichojibu.

Hapo kwenye majibu ndipo nataka kukaa kidogo, maana ndipo maabara nyingi nzuri zinapojiharibia. Hoja inasema rekodi ya kuzimua haipo. Jibu linakuja: “Chanzo ni kosa la kibinadamu. Mfanyakazi amekumbushwa.” Nalirudisha. Mfanyakazi yupi, na kwa nini binadamu watatu tofauti wamekosea kosa lilelile miezi yote hiyo? Ile maabara ya nitrati jibu lao la kwanza lilikuwa hilo hilo. La pili ndilo lililonifurahisha. Walichukua fomu ya kazi wakagundua haikuwa na safu ya kuandika kiasi cha kuzimua. Mtu angeandika wapi? Wakaongeza safu. Wakaitoa ile kumi kwenye fomula, ikawa seli inayosubiri kujazwa, na isipojazwa jibu halitoki. Wakaijaribu kwa namba walizozikokotoa kwa mkono, wakahifadhi jaribio. Halafu wakafanya lile gumu: wakarudi kwenye ripoti zote za nitrati tangu faili lilipoanza kutumika, wakatafuta ni zipi haziwezi kuthibitishwa, wakawaandikia wateja. Barua nilizisoma. Hazikupaka asali. Ziliwaambia wateja kwamba namba tuliyowapa hatuwezi kuisimamia, tunaomba sampuli nyingine, hamtalipa.

Kabla ya hapo, daftari lao la kazi zisizokidhi lilikuwa na kurasa nyeupe tupu kwa mwaka mzima. Walidhani litanivutia. Maabara inayopima maelfu ya sampuli na haijakosea hata mara moja, ama haijiangalii, ama inajificha, na wahenga walishatuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikikuta daftari lenye makosa kumi na mawili, kila moja na uchunguzi wake, napumua. Watu hao wananifanyia nusu ya kazi.

Ithibati ikishatoka haifungiwi kabatini. Mzunguko wake hauzidi miaka 5, na kati ya ziara moja na nyingine haipiti miaka 2. Vyombo vingi huja kila mwaka. Nembo inawekwa tu kwenye majibu yaliyo ndani ya wigo. Mtaalamu wenu mkuu akiondoka, au mkihamisha kifaa jengo jingine, mnatoa taarifa. Ithibati inaweza kusimamishwa, na inaweza kufutwa. Mnaweza pia kupunguza wigo wenyewe mnapoona kipimo fulani hamkimudu kwa sasa, na mimi nawaheshimu wanaofanya hivyo kuliko wanaosubiri niwakute.

Nilirudi kwenye maabara ile mwaka uliofuata. Salamu zilikuwa bado hazijaisha yule binti alipokuja na daftari, lile la kazi zisizokidhi, akaliweka mbele yangu likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa wiki mbili zilizopita. Palikuwa na kosa la pipeti, limechunguzwa, ripoti mbili zimerudishwa na kutolewa upya. Akasema, “Nimeona utaanzia hapa, mzee.” Nikaanzia hapo.

Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Naona mkono umenyooshwa kule nyuma tangu niliposema habari za fomu ya friji. Mpeni kipaza sauti.